Gari la Njia Korofi kwa Mfuko Mwembamba

Kwa miaka mingi, mtu aliyetoka Nyakanazi kwenda Kasulu wakati wa masika hakuhitaji kuandaliwa mashindano ya magari. Njia ilikuwa mashindano tosha, na aliyefika siku hiyohiyo alijiona mshindi. Hali hiyo inabadilika. Barabara ya kutoka Kabingo hadi Manyovu kupitia Kibondo na Kasulu, mradi wa kilomita 260 uliopata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, inaingiza lami katikati ya nyanda za juu za Buha. Mtendeli nako, kambi iliyofunguliwa upya Januari 2016 ili kupokea wakimbizi wa Burundi ilifungwa mwaka 2021 na watu wake wakahamishiwa kambi ya Nduta, na pamoja nao ikaondoka sababu moja ya misururu ya malori ya chakula na Land Cruiser Hardtop nyeupe za mashirika. Tope lililokuwa adhabu ya msafiri linabaki pembeni, kwenye njia za mashamba na za kuni. Mtu anaweza sasa kulifuata kwa hiari yake, siku ya Jumamosi.

Basi mwalimu wa Kibondo, mwenye duka wa Makere au fundi wa Kasulu anayetamani kushindana na wenzake kwenye makorongo, na hana fedha za michezo ya matajiri, anunue gari gani? Wengi hujibu kwa kutaja kampuni. Huyu anasema Toyota, yule anasema Land Rover, na ubishi unaendelea hadi chai inapoa. Nadhani wote wawili wamelidaka swali katikati. Kabla ya gari kuna mambo mawili yanayoamua karibu kila kitu: sheria za mashindano yenyewe, na udongo wa mahali yatakapofanyika. Ukishayajua hayo, orodha ya magari inajipunguza, na linalobaki huwa dogo, jepesi na la bei ya chini kuliko mtu alivyotarajia.

Michezo ya magari nje ya lami inafanana kwa macho tu. Kuna ya mwendo kasi, ukoo wa Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari na kukatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Historia yake ina faraja kwa mwenye kipato kidogo: mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, akiwa na nduguye Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika mashindanoni kabla hajaipata yeye. Mtumba ukayapita mapya ya viwandani. Lakini mwendo kasi unadai barabara iliyofungwa, gari la wagonjwa linalosubiri na watu wa redio kila kona, na njia za vijijini kwetu zina watoto wa shule, mbuzi na baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi. Mchezo huo tuuache.

Kuna pia misafara mikubwa. Camel Trophy, iliyokuwa ikiteua madereva wasio wa kulipwa kutoka nchi mbalimbali, ilikuja kwetu mwaka 1991: iliondoka Dar es Salaam, ikaishia Bujumbura, na Waturuki wakashinda. Waliendesha Land Rover Discovery za dizeli zilizoandaliwa na kampuni, wakiwa na magari ya msaada nyuma yao. Madereva walikuwa wa ridhaa, ila bajeti haikuwa ya ridhaa hata kidogo. Nakumbusha hilo kwa sababu picha za misafara ile, magari ya rangi ya mchanga yenye mizigo juu ya paa yakizama mtoni hadi kwenye vioo, ndizo zilizowafundisha watu wengi jinsi gari la njia korofi linavyopaswa kuonekana. Zimewagharimu wengi fedha zilizoishia kwenye paa.

Wa karibu zaidi nasi kwa maana ya mashindano yanayoishi ni Rhino Charge ya Kenya. Ilianza mwaka 1989 ili kuchangia Rhino Ark na uzio wa umeme wa kuzunguka milima ya Aberdare, uzio wa takriban kilomita 400 uliokamilika mwaka 2009. Sheria yake ni ya akili sana. Gari linapewa vituo 13 na saa 10. Mshindi ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi, si kwa muda mfupi zaidi. Kwa hiyo dereva anaukabili mlima uso kwa uso badala ya kuuzunguka. Kila timu inatakiwa kuchangisha fedha ili ishiriki, na magari yanayowania nafasi za juu yameundwa upya kuanzia chesisi. Kwa ajili ya tembo na faru ni jambo jema. Kwa mtu wa Kibondo ni shule ya kutazama, hasa somo lile moja kwamba ukiacha kupima saa, unapunguza gharama na majeneza.

Mchezo unaotufaa ni mnyonge kwa sura. Huko Uingereza, ambako Land Rover ilianza kuuzwa mwaka 1948, vilabu vya wapenzi wake huchomeka vijiti viwili viwili kwenye kilima au bondeni, kila jozi ikiwa ni mlango wenye namba yake, na dereva hupita katikati yake polepole bila kusimama. Ukigusa kijiti, umeishia hapo. Ukikwama, umeishia hapo, na unaandikiwa pointi za mlango uliokushinda. Mwenye pointi chache ndiye bingwa. Saa haina kazi. Waandaaji wanahitaji vijiti, kamba, daftari na watu wa kusimamia kila kipande, basi. Gari likigonga kisiki kwa mwendo wa mtu anayetembea, linapinda bampa. Likigonga kwa kilomita 90 kwa saa, kijiji kinachimba kaburi.

Hapo ndipo mwenye fedha kidogo anapopata nafasi ambayo duka la spea haliwezi kumpa, kwa sababu sheria ndiyo marekebisho ya bei nafuu kuliko yote. Kundi la marafiki likiandika tangu mwanzo kwamba tairi lazima liwe la kipimo cha kiwandani, kwamba winchi haitumiki ndani ya kipande, kwamba magari yanagawanywa kwa umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na kwamba kila gari lije kwa magurudumu yake na kurudi nyumbani kwa magurudumu yake, basi mwenye mamilioni ya ziada hana pa kuyatumia. Kipengele hicho cha mwisho ni kikali kuliko kinavyosomeka. Anayejua kwamba kesho asubuhi gari lileile litampeleka kazini haliingizi korongoni kwa hasira.

Sasa udongo. Nyanda za juu za Kasulu na Kibondo ziko kati ya mita 1,200 na 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua zake huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei. Udongo mwekundu wa vilimani una mfinyanzi mwingi. Mvua ikinyesha, sentimita chache za juu hugeuka utelezi mtupu ilhali chini yake pamebaki pagumu. Hii ni habari njema kwa maskini, maana tairi jembamba lenye meno hukata lile ganda la juu na kushika ardhi ngumu iliyo chini, na tairi pana la bei mbaya huelea juu ya utelezi. Kijana anayetamani matairi mapana ya magazetini ajue kwamba kwenye mlima wa Kifura uliolowa, Suzuki yenye tairi nyembamba za kashata inaweza kumpita taratibu huku akiwa anachora mistari mizuri ya kushuka kinyumenyume.

Mambo hugeuka ukiteremka kuelekea Malagarasi na Moyowosi. Kule ni mbuga: udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, usio na chini ngumu ya karibu. Huko tairi pana lililopunguzwa upepo ndilo linalosaidia, na gari zito huzama kwa uzito wake lenyewe. Lakini ile ni ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi, iliyoingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2000 ikiwa ya kwanza ya Tanzania, na ndani yake kuna pori la akiba. Si uwanja wa kuchezea. Kwa hiyo gari la Buha lichaguliwe kwa mlima mwekundu, makorongo membamba, mawe ya changarawe ngumu na mizizi ya miombo, na orodha ianzie hapo.

Katika mlima wa namna hiyo mambo yanayohesabika ni machache. Kwanza, gia ya nguvu, yaani kisanduku cha pili cha gia chenye mkono wake mfupi kando ya gia za kawaida, kinachopunguza mwendo na kuzidisha nguvu ya magurudumu. Bila hicho dereva analazimika kupanda kwa kasi au kwa kuchezea klachi, na klachi ya kuchezewa ina siku zake. Pili, wepesi. Tatu, ufupi, kwa sababu gari refu hukaa tumbo kwenye tuta la korongo na halikunji kati ya milango. Nne, chesisi ya ngazi na ekseli nzima: gurudumu la kushoto likisukumwa juu na jiwe, la kulia linasukumwa chini kutafuta ardhi, kwa hiyo magurudumu mengi zaidi yanabaki yanagusa. Nguvu za injini nimeziacha nje kwa makusudi. Kwenye utelezi nguvu nyingi huzungusha tairi tu.

Kwa vipimo hivyo, RAV4 inatoka mapema, iwe ile mtaani wanayoiita Kilitime au ile ya Miss Tanzania. Ni gari zuri la kwenda harusini Kasulu katika barabara ya vumbi, magurudumu yake manne yanasaidia kwenye utelezi wa wastani, lakini haina gia ya nguvu na tumbo lake liko chini. Hilux inabaki kidogo. Mitambo yake ni ya kuaminika na spea zimejaa, ila ni ndefu, na bodi yake ya nyuma ikiwa tupu, magurudumu ya nyuma hayana uzito wa kuyakandamiza chini. Wakulima huweka gunia za mahindi, mshindani atalazimika kuweka mawe, na hapo ameshaupoteza wepesi.

Hardtop inastahili maneno mengi zaidi, kwa kuwa ndiyo ndoto ya kila mtu wa eneo hili aliyekua akiiona ikipita. Land Cruiser za ukoo wa 70, zinazotengenezwa tangu 1984, zimejipatia heshima kwa haki. Injini yake ya 1HZ ni dizeli ya pistoni sita na sentimita za ujazo 4,164, haina turbo, haina ujanja, na fundi anaifahamu kama anavyofahamu jembe. Ikiwekewa mkonga, inavuka maji ambayo mengine yanayatazama tu. Lakini ile ndefu ya mashirika ina mita 2.98 kati ya ekseli na uzito unaopita tani mbili kabla hujapanda wewe. Katika milango ya vijiti, ambako kusimama hakuruhusiwi, ingehitaji kurudi nyuma na kujipanga mara mbili pale Suzuki inapokata kona mara moja. Ikizama, vijana wa kijiji hawaitoi kwa kusukuma. Bei yake haishuki pia, kwa sababu hospitali, halmashauri na kampuni za utalii zinaigombania hata ikiwa imechakaa. Anayeinunua kwa ajili ya mchezo huu analipia uwezo wa kubeba watu 10 hadi kambi ya Nyarugusu, uwezo asiouhitaji.

Kuna kishawishi cha mnada. Mradi ukiisha, magari yake hutangazwa kuuzwa, na Hardtop au Hilux yenye namba za DFP, zile za miradi ya wafadhili, inaweza kuonekana ya bei ya kutupwa. Uliza jambo moja kabla ya kuandika zabuni: kodi imelipwa? Gari lililoingia nchini kwa msamaha wa kodi hudaiwa kodi pale linapohamia kwa mtu asiye na msamaha, na mnunuzi aliyedhani ameokota dodo anajikuta TRA akiwa na hesabu nyingine. Uliza pia historia ya matengenezo. Gari la mradi lilihudumiwa kwa ratiba, jambo zuri, lakini lilipita njia mbovu kila siku likiwa limejaa, likiendeshwa na madereva wengi tofauti. Chesisi ikaguliwe kwa chini, hasa penye viungo vya springi.

Kwa Land Rover za zamani, zile za springi pleti zilizotengenezwa hadi 1985, moyo wangu unataka kusema ndiyo. Ile fupi ya inchi 88 kati ya ekseli ni kama imeundwa kwa mchezo huu. Bodi ya alumini haishiki kutu. Kila kitu kinafunguka kwa spana za kawaida. Shida ni kwamba tuliyo nayo zaidi ni 109, ndefu, iliyotumikia serikali, misheni na mashamba ya tumbaku, na chesisi yake ya chuma imeoza ndani ilhali alumini ya nje inang'aa. Shafti za ekseli ya nyuma zina sifa ya kukatika dereva akikanyaga mafuta gurudumu moja likiwa limebanwa. Breki zake za ngoma zikilowa zinachukua muda kurudiwa na fahamu. Na bei imeanza kupanda kwa sababu ya mapenzi. Tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024 lilionyesha jinsi mkweche ulivyogeuka fahari. Aliyerithi 109 ya babu aitumie, aingie daraja la magari marefu, na atembee na shafti ya akiba. Asiyerithi asiitafute.

Tunabaki na Suzuki, na hapa ndipo ningeweka fedha zangu. SJ410 ya miaka ya 1980 ina injini isiyofika lita moja, ekseli nzima mbele na nyuma, gia ya nguvu, mita 2.03 tu kati ya ekseli, na uzito usiofika tani moja. Samurai iliyofuata ina lita 1.3 na umbo lilelile. India waliendelea kuitengeneza kwa jina la Maruti Gypsy kuanzia 1985 kwa zaidi ya miaka 30, kwa hiyo spea hazijafa. Jimny iliyoanza 1998 ilibadilisha springi pleti kwa springi za koili, ikapanda kwa ulaini zaidi na kubaki nyepesi. Ikikwama, watu sita wanaishika pembeni na kuihamisha. Kuna heshima ya ajabu katika gari ambalo winchi yake ni majirani.

Tatizo la Jimny ni kwamba wapenzi wa mjini nao wameigundua. Ile ya Kijapani yenye injini ya sentimita za ujazo 660 haidaiwi ushuru wa ukubwa wa injini, maana ushuru huo huanzia juu ya sentimita 1,000 na kuongezeka juu ya 2,000. Lakini juu ya bei ya Japani na nauli ya meli kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, na nyongeza kwa gari lililopita miaka 8, na ambalo mfuko mwembamba unaliweza huwa limepita. Kwa hiyo kuagiza nje ni njia ya mwenye subira na akiba. Njia ya wengine ni kutafuta lililokwisha kulipiwa kodi na mtu mwingine zamani.

Linalopatikana hivyo, na ambalo watu hulipita bila kuliangalia, ni Suzuki Escudo. Ile ya kwanza, ya 1988 hadi 1998, na ya pili iliyoishia 2005 zina chesisi ya ngazi chini ya bodi yake ya kistaarabu, ekseli nzima nyuma na gia ya nguvu. Mbele magurudumu yake yanajitegemea, hivyo haijinyooshi kwenye mawe kama Samurai, na hilo ni pungufu la kweli. Lakini ile ya milango mitatu ina mita 2.2 tu kati ya ekseli, haina jina la kutisha, na kwa hiyo haina bei ya kutisha. Mwenye nayo huiuza kwa sababu paa limefifia au viti vimechanika. Wewe viti hutavijali. Kitu cha kupima ni kama ule mkono mfupi wa gia bado unaingia, kama chesisi haijachomelewa ovyo, na kama injini inashika joto sawasawa baada ya kupanda mlima kwa gia ya chini kwa dakika kumi. Muuzaji anayekataa jaribio hilo ameshakujibu.

Nitaje kirikuu, ingawa watacheka. Suzuki Carry yenye magurudumu manne, ile inayobeba matofali na maji, ni nyepesi kupita zote na baadhi zina gia ya nguvu. Ekseli zake ziko karibu. Iko chini mno kwa visiki, na dereva anakaa juu ya magurudumu ya mbele, pua yake ikiwa ndiyo bampa, jambo linalonizuia kuipendekeza kwa miteremko mikali. Kwa daraja la wanaoanza, kwenye kilima kisicho na mawe, ingewaaibisha wengi. Na Jumatatu inarudi kazini kutafuta fedha ya tairi.

Swali la spea linaweza kugeuza hesabu zote hizi. Gari bora ni lile ambalo kifaa chake kinachovunjika mara kwa mara kinapatikana Kasulu, au kinafika na basi kutoka Kahama au Mwanza kabla ya Jumamosi ijayo. Bushi, boli joint, mipira ya shafti, pedi na shuu za breki, bomba la rejeta, sahani ya klachi: tembea na orodha hiyo madukani kabla hujalipa gari, uulize bei na siku za kusubiri. Kisha zungumza na fundi utakayemtumia, hata kama gereji yake ni bubu chini ya mwembe. Fundi aliyezoea Toyota tangu utoto atakutengenezea Suzuki, lakini atajifunza kwako, na ada ya masomo utalipa wewe. Kama fundi pekee unayemwamini anaijua Hilux tu, hiyo ni sababu halali ya kununua Hilux na kubeba mawe.

Kwenye matumizi baada ya kununua, kanuni yangu ni kwamba gari lisile zaidi ya nusu ya fedha zote. Nusu ya pili ianzie kwenye matairi manne yanayolingana, kwa sababu kipara kimoja kati ya kashata tatu huharibu kazi ya yote. Ifuate kipima upepo na pampu: kushusha upepo hadi karibu psi 18 kunalifanya tairi likumbatie mzizi badala ya kuruka juu yake, na gharama yake ni dakika chache, ilimradi urudishe upepo kabla ya kurudi barabarani. Kisha mikanda ya usalama inayofunga kweli, na kizimba cha mabomba juu ya vichwa kwa gari la turubai, kilichofungwa kwenye chesisi kwa boliti. Bati la bodi halishiki kizimba gari likibiringika.

Kuhusu difu, ubishi hauna mwisho. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwa gurudumu lisilo na kazi, lile linaloning'inia hewani, na gari linabaki limesimama huku tairi moja likizunguka bure. Kifaa cha kuifunga kina bei kubwa, basi mafundi huichomelea difu ya nyuma iwe kitu kimoja. Kwenye tope inafanya maajabu. Barabarani gari linakataa kukata kona, tairi zinalia, na shafti inabeba mzigo ambao haikuumbiwa. Kwa gari linalorudi nyumbani kwa magurudumu yake, nasema hapana. Bora kujifunza kukanyaga breki kidogo huku ukiongeza mafuta, mbinu inayolipa lile gurudumu la hewani kazi ya kufanya na kurudisha nguvu upande wa pili. Haigharimu kitu. Inataka mazoezi tu.

Jambo linaloua watu katika michezo hii ya mwendo mdogo ni kamba. Waya wa winchi au kamba ya kuvutia iliyokazwa kisha ikakatika inarudi kwa nguvu ya kumkata mtu. Ndoano isifungwe kwenye tufe la chuma la kuvutia tela wala kwenye bampa. Ifungwe kwenye chesisi. Nguo nzito au gunia lenye mchanga liwekwe katikati ya kamba, na watazamaji wakae mbali zaidi ya urefu wa kamba yenyewe. Watoto watakuja, haiwezekani wasije. Awepo mtu mzima ambaye kazi yake siku nzima ni hao tu, na mtungi wa kuzimia moto uwe kwa kila gari.

Uwanja nao una wenyewe. Shamba lililopumzishwa au machimbo ya zamani ya changarawe, kwa ruhusa ya serikali ya kijiji na ya mwenye eneo, ndipo mahali pake. Barabara ya kijiji wakati wa mvua si uwanja: mashimo mnayoyachimba kwa furaha Jumamosi ndiyo yatakayomzuia mama mjamzito kufika zahanati Jumatatu, na TARURA haina greda la kuwafuata nyuma.

Kwa ambaye hata Escudo iliyochakaa haimfikii, mlango haujafungwa. Mchezo wa kupita penye vizuizi ni wa pikipiki pia, tangu zamani. Mashindano ya pikipiki ya Scott Trial huko Yorkshire, Uingereza, yalianza mwaka 1914. Katika mchezo huo, ukiweka mguu chini mara moja ni pointi moja, mara mbili ni mbili, mara tatu au zaidi ni tatu, na ukishindwa kabisa ni tano. DT125 au XL125 iliyokuwa ya afisa ugani, nyepesi na ndefu miguu, inafaa kuliko Boxer, lakini Boxer nazo zipo kila kijiwe, na bodaboda wa Mabamba wanaopanda milima masika wakiwa na abiria wawili wana ujuzi ambao mwenye Hardtop hana.

Kisha kuna njia ya ushirika. Kwa kuwa magari hupita kwenye kipande moja baada ya jingine na hakuna anayepimwa saa, gari moja linaweza kuingizwa na madereva wawili, hata watatu, kila mmoja kwa pointi zake. Vilabu vya Uingereza vimezoea hivyo. Watu wanne wa Kibondo wanaweza kumiliki Samurai moja, wakachangia tairi, wakaendesha kwa zamu. Itabidi tu waandikiane mapema ni nani anayelipa shafti ikikatika: aliyekuwa kwenye usukani, au wote wanne.